Nafasi ni Moja, na Zuhura ni Wewe

Muscat,
Ijumaa, baada ya zamu ya asubuhi.

Kwa mdogo wangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Shikamoo yako uliyonitumia kwa sauti nimeipata, marahaba sana, nami nakupa pole ya kazi na pole ya baridi, maana nasikia mwaka huu ukungu umekaa Mlola mpaka watu wanaanika nguo jikoni. Mama anaendeleaje na mguu? Ile dawa ya kuchua anaitumia au ameigawa kwa majirani kama ile ya kwanza? Shemeji yangu mzima? Na mwanao mkubwa, masikio yameacha kumuuma? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nasali, nafanya kazi, nalala. Yaliyobaki ndiyo yaliyonifanya nitafute karatasi.

Najua utashangaa kupata barua zama hizi. Simu yako inasikilizwa na nyumba nzima, na mambo haya nataka uyasome peke yako kwanza, halafu uamue mwenyewe nani ayasikie. Anayekuletea ni Mama Salehe, mwenzetu wa Soni anayerudi likizo. Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine tatu zilizochapwa. Usizikunje, na asizishike mtu mwenye mikono ya mafuta. Ni wasifu wako na barua yako ya maombi ya kazi, kama ulivyoniomba. Nitakueleza zilivyopatikana. Ukinichukia katikati ya kusoma, tafadhali endelea mpaka mwisho, halafu unichukie vizuri.

Bado niko kwenye chumba cha kufulia cha hoteli ile ile. Nasimamia wanawake kumi na wawili, mashine tisa, na joto ambalo wewe wa milimani usingelivumilia hata kwa muda wa kuchemsha chai. Dirisha hakuna. Nakunja mashuka ya watu ambao sijawahi kuwaona nyuso. Pasipoti yangu iko kwenye kabati la ofisi, mkataba wangu unaongezwa kabla sijaulizwa kama nataka, na kila anayeniita ananiita Zuhura. Mwaka wa sita huu. Siku hizi naitika haraka kuliko wewe mwenyewe.

Nataka kurudi nyumbani, mdogo wangu. Zamani nilikuwa nasema kwa utani. Sasa kila nikiingia humu asubuhi na mlango ukajifunga nyuma yangu nageuka kuutazama. Lakini kurudi kuja kukaa bila kazi, nile kwenye sufuria lako, siwezi, na kazi ya kunirudisha Lushoto sikuwahi kuiona mpaka lilipokuja tangazo lile.

Lilitumwa kwenye kundi la simu la watu wa Lushoto tulioko nje. Mradi wa kurudisha msitu wa asili unatafuta msimamizi wa kitalu cha miche, ofisi Lushoto mjini, kitalu chenyewe huko juu karibu na kwetu. Nafasi moja. Elimu ya kidato cha nne, au uzoefu wa miaka mitano wa kazi ya kitalu unaothibitishwa na serikali ya kijiji. Wasifu usizidi kurasa mbili, barua ukurasa mmoja, wadhamini watatu. Nilisoma nimesimama, nikasoma tena nimekaa. Kabla sijaweka simu chini, kundi zima lilikuwa linauliza jinsi ya kuomba, wakiwemo wenye digrii za misitu.

Hapa kuna dada Mkenya anaitwa Mercy, yuko ofisi ya wafanyakazi, ndiye anayepokea karatasi za wanaotaka kazi hotelini. Anazipitia kama mama anavyochambua mchicha: huu unabaki, huu anatupiwa mbuzi. Siku yetu ya mapumziko nikamfuata na wasifu niliouandika mwenyewe. Akausoma akiwa amekunja uso.

"Hii ni nini?"

"Ni wasifu."

"Hii ni ripoti ya polisi. Umezaliwa lini, kabila, urefu, uzito. Kwani unaolewa? Mwenye kazi anataka kujua kitu kimoja tu: huyu mtu akija, shida yangu itaisha?"

Akakata kwa kalamu maneno yangu yote mazuri. Mchapakazi, mwaminifu, anayejituma. "Kila mtu anaandika hivi," akasema, "hata wale wa kuiba taulo." Akaniambia nisiandike nilipewa jukumu gani, niandike nilipofika pale palikuwaje, nikafanya nini, nikapafanya pakawaje. Basi tukaandika habari ya mashuka yaliyokuwa yanapotea kabla sijaanzisha daftari la kila ghorofa, na ikasomeka vizuri, hata mimi nilijiona mtu. Kisha Mercy akarudi kwenye tangazo.

"Lakini hii ni kazi ya miche, si ya mashuka. Ujuzi wa miche uko wapi?"

Hapo ndipo nilipofanya nilichofanya. Nikamwambia kwamba mbegu ya mti wa msambu ukiifukia na ganda lake unaweza kungoja mwaka mzima, kwa hiyo mimi huzibandua ganda moja moja na kuzilaza kwenye mchanga wenye unyevu. Nikamwambia mkulo usihangaike na mbegu zake, ndege na wadudu wanazimaliza kabla hazijakomaa. Mimi hufuata mizizi ya mti mkubwa na kuchukua machipukizi. Nikamwambia ule mwaka wa ukame miche ya watu wote ilikauka, yangu ikapona kwa sababu niliihamishia bondeni chini ya migomba, kikapu kwa kikapu, mgongoni. Mercy akaacha kuchapa.

"Na ulikuwa unaficha hii kwa nini? Hii ndiyo kazi yako!"

Nikasema ndiyo.

Umesikia, Zuhura? Nilisema ndiyo. Mimi ambaye hata kitunguu sijawahi kukiotesha kikaota. Yote ni yako, umenisimulia miaka tisa, wewe usiyejua kuzungumza habari nyingine, mtu anakuuliza hali ya mama unamjibu hali ya miche. Nilijiambia jina ni lile lile na kijiji ni kile kile. Mtendaji wa kijiji akipigiwa na kuulizwa kama kuna Zuhura Athumani mwenye kitalu, atasema yupo. Jumatatu tukatuma, na vyeti vyote.

Jumatano ukaleta ujumbe wako. Ulianza kwa Kishambaa kama kawaida yako ukiona haya, ukazunguka kwenye ukungu na kabichi, mwisho ukasema: "Dada, kuna kazi ya kitalu imetangazwa. Mtendaji kasema niombe, kasema barua ya kijiji ataniandikia mwenyewe. Sasa wanataka sivii. Mimi sivii siijui, dada, shule yenyewe nimeishia la sita. Wewe ndiye uliyesoma. Nakuomba unitengenezee. Ukiona haifai we niambie tu, sitakasirika."

Nilikaa chini katikati ya mafurushi ya taulo. Wenzangu wakadhani nimepata habari ya msiba.

Kuna jambo hatujawahi kulisema, mimi na wewe. Tunalipita pembeni kama watu wanavyopita pembeni ya shimo la choo cha zamani, tena tumefundisha na watoto wapite hivyo hivyo. Leo nalisema lote.

Mama alipopasuliwa mimi nilikuwa darasa la saba, mtihani uko mbele yangu, wewe uko la sita. Baba, Mungu amrehemu, akasema ubaki nyumbani umhudumie mama muhula mmoja. Ukakubali bila hata kununa. Mtihani ukaja, nikafeli. Kurudia darasa hairuhusiwi. Ndipo mwalimu mmoja akamnong'oneza baba kwamba lipo jina la Zuhura limekaa tu kwenye daftari la mahudhurio, mwenyewe haji. Jina likaandikiwa uhamisho. Nikapelekwa kwa shangazi, upande wa Vuga, na kwenye shule ya huko nikasoma kwa jina lako, nikafaulu kwa jina lako, nikaenda sekondari kwa jina lako. Cheti cha kidato cha nne, cheti cha kuzaliwa, baadaye pasipoti, vyote. Watu waliona kawaida. Kila kijiji kilikuwa na wawili watatu waliosoma kwa majina ya wengine, na tulikuwa tunataniana.

Mama alipopata nafuu ulifua sare ukaenda shule. Sikuwepo, shangazi ndiye aliyenisimulia, na alinisimulia mara moja tu. Mwalimu alifungua daftari akakuambia, "Wewe ulishahama." Ukasema, "Sijahama, mwalimu, niko hapa." Akakuonyesha palipoandikwa. Ukarudi nyumbani, ukavua sare, ukaenda kumkatia mbuzi majani. Hukumuuliza baba. Mimi hujaniuliza mpaka leo. Hata ulipokwenda kujiandikisha kitambulisho cha taifa wakakuambia mtu mwenye jina hilo, wazazi hao na tarehe hiyo yupo tayari, ulinisimulia unacheka, na mimi nikacheka. Naona aibu ya kicheko kile kuliko aibu ya vyeti.

Sasa ona nilivyojifunga. Ningekaa kimya, ofisi ingepata Zuhura Athumani wawili wa kijiji kimoja, wazazi wale wale, miche ile ile. Mmoja ana vyeti na karatasi zilizonyooka, mwingine ana barua ya mtendaji. Tapeli angeonekana nani? Ungekuwa wewe. Ningeondoa maombi yangu bila kueleza, yako yangefika baadaye na habari zile zile za msambu na mkulo, wangesema umenakili. Nikieleza, basi vyeti vyangu vimekufa, na pasipoti iliyotokana na vyeti hivyo, na kazi hii ninayoilalamikia. Siku mbili nilizunguka na mambo hayo matatu, nikichoma mashuka kwa pasi, mimi ambaye huwagombeza wengine kwa kuchoma.

Nikuambie na hili. Siku ya kwanza nilikuandikia ujumbe kwamba nafasi imeshajaa. Niliuandika wote, hadi pole. Sikuutuma, lakini sijaufuta, uko kwenye simu yangu mpaka sasa. Sitaki uje unisifu baadaye kana kwamba niliamua haraka.

Nilipomweleza Mercy, alitoa nakala ya ile sivii akaisoma tena. Kisha akasema, "Ile sivii ni nzuri sana. Makosa yake ni kwamba si yako." Nikamwomba tuiandike upya kwa mwenyewe. Akasema sawa, ila safari hii hataki kusikia uongo hata wa koma.

Basi hiyo uliyoishika ndiyo hiyo. Juu ni jina lako na namba yako ya simu. Picha sikuweka, haikuombwa. Sikuandika "mkulima mdogo", nimeandika "mwotesha miche ya miti ya asili, miaka tisa". Nakujua, utataka kuongeza kwamba unajaribujaribu tu. Usithubutu. Hayo ni maneno ya kumwambia mgeni aliyekusifia chakula. Hapa unaandika palikuwaje, ukafanya nini, pakawaje: kijiji kilikuwa kinanunua miche ya mikaratusi kutoka mbali, sasa wanafuata miti ya asili kwako. Wanawake wa kikundi chenu walikuwa watatu, leo wenye vitalu vyao ni kumi na saba na wewe ndiye uliyewafundisha. Idadi ya miche uliyotoa mwaka jana ulinitajia kwenye simu, nimeiacha wazi, jaza mwenyewe kutoka kwenye daftari lako, usikadirie. Wataihesabu.

Elimu ni mstari mmoja: darasa la sita. Nimeuweka karibu na mwisho, kwa sababu kinachoongoza ni kazi, lakini upo na unasomeka. Wadhamini ni mtendaji, mwenyekiti wa kikundi, na yule mwalimu mstaafu aliyepanda mikulo yako kwenye shamba lake. Waombe ruhusa kabla hujawaandika, mtu asipigiwe simu akiwa kwenye mahindi akaanza kushangaa.

Barua haianzi na "husika na kichwa cha habari hapo juu". Mercy alisema mtu aliyesoma barua mia zinazoanza hivyo, ya mia na moja haioni. Ya kwako inaanza: "Nimeotesha mkulo mahali ambapo watu walikuwa wameacha kuutafuta." Hiyo sentensi si yangu, ni yako, uliitamka siku moja ukiwa unalalamika kuhusu mbuzi wa jirani. Baada ya hapo inaeleza kwa nini kazi hii na si nyingine, kisha inaomba uitwe uonyeshe kwa mikono. Isome kwa sauti mbele ya shemeji mpaka ulimi uache kujikwaa. Neno lolote usiloweza kulitamka bila aibu, lifute, uweke lako.

Na ile ofisi nimewaandikia. Barua niliituma Jumamosi. Nimewaambia kwamba Zuhura Athumani aliyeomba kutoka Muscat anaitwa Rehema, kwamba vyeti alivipata kwa jina la mdogo wake, kwamba kazi za miche alizozitaja si zake, na kwamba mwenye jina na mwenye kazi yuko kijijini na maombi yake yanakuja. Mercy aliniuliza mara mbili, "Unajua ukishatuma hii hairudi?" Mara ya pili nilibonyeza.

Wamejibu jana. Ni mistari michache. Maombi yangu wameyaondoa. Wewe unaruhusiwa kuomba. Upeleke karatasi zako mwenyewe kwa mkono, ufuatane na mtendaji, kabla ya siku ya mwisho, ambayo ni Ijumaa ya wiki ijayo. Hawakuahidi chochote, na wenye digrii bado wapo. Mstari wa mwisho unasema suala la vyeti watalifikisha panapohusika.

Kwa hiyo sijui yatakayonipata. Pasipoti ile bado iko kwenye kabati. Nikienda kuiomba wataniuliza ya nini, na nikikaa kimya siku moja mtu atakuja na karatasi mkononi aniulize mimi ni nani. Inawezekana nirudishwe nyumbani kwa aibu. Inawezekana nibaki hapa hapa nikunje mashuka bila jina lolote. Naogopa, Zuhura. Nikisikia viatu vya mtu wa ofisini kwenye korido naacha kukunja. Lakini sikuandiki haya ili unionee huruma ukaacha kwenda. Usipokwenda nitakuwa nimejichoma bure, na hapo ndipo utaijua hasira yangu.

Mama usimweleze kwanza, mpaka umetoka Lushoto. Msalimie sana, mwambie dawa ni ya mguu wake, si ya mtaa. Msalimie shemeji, nampa pole kwa kelele za kusoma barua. Wasalimie wanao, uwashike masikio kwa niaba yangu, yule mgonjwa kwa upole. Shangazi wa Vuga mwambie simlaumu, alinilisha na kunitunza, na alilia siku aliponisimulia. Mtendaji mpe heshima yangu, umwambie nitakuja kumwomba radhi mwenyewe, siku yoyote nitakayokuja.

Nimalizie na hili, maana ndilo linaloninyima raha kuliko yote. Watakukalisha kwenye kiti, watu watatu au wanne, wakuulize kuhusu miche, na hapo sina wasiwasi. Kisha mmoja atashika ule mstari wa elimu akuulize kwa nini uliishia darasa la sita. Nakujua. Utainamisha kichwa useme nyumbani kulikuwa na matatizo, au mama aliumwa, au hukuwa na akili ya shule. Usinifiche. Inua uso, sema: dada yangu alisoma kwa jina langu. Ukishasema hivyo, nyamaza, waache waandike.

Dada yako wa tumbo moja,

Rehema Athumani